Siku moja maishani mwangu: nalikata goti kwenye skrini kabla daktari hajalikata mezani

Saa 12:40 asubuhi

Berlin mwezi wa pili, nje bado giza, na treni imejaa watu wasiosalimiana. Nyumbani Tanga kila mtu huniuliza nafanya nini hasa hospitalini wakati udaktari sikusoma. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba. Mgonjwa akihitaji goti bandia, mimi ndiye ninayelikata goti lake mwanzo, kwenye kompyuta. Nalivisha chuma, nalikunja, nalinyoosha, naangalia linakwama wapi. Nikikosea nafuta, naanza upya. Chumba cha upasuaji hakuna kufuta.

Saa 1:20 asubuhi

Picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, za mzee mmoja zimeingia usiku. Ana miaka 68, mzaliwa wa Uturuki, ameweka marumaru kwenye nyumba za watu tangu ujana, yaani ameishi kwa kupiga magoti. La kulia limesagika vibaya.

Picha zimepigwa sehemu tatu: nyonga, goti na kifundo cha mguu. Wengi hushangaa nyonga inatafutwa nini hapa. Uzito wa mwili hushuka kwa mstari kutoka katikati ya kichwa cha fupa la paja hadi katikati ya kifundo. Bila ncha hizo mbili huwezi kujua goti limeegemea upande gani. Katikati ya paja hapapigwi, hiyo ni mionzi ya bure.

Siku hizi programu hupaka mifupa rangi yenyewe, na kwenye goti zima inafanya vizuri mno. Taabu ni kwamba magoti mazima hayaletwi kwetu. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, ikiisha, fupa la paja hugusana na muundi, yaani mfupa wa ugoko, na programu huona mfupa mmoja tu. Hapo napitia picha moja baada ya nyingine nikitenganisha kwa mkono, kazi ya kuchambua mchele. Pembeni kuna vinundu vya mfupa vilivyoota kwa miaka ya msuguano. Hivyo navipa rangi yake, kwa sababu daktari atavitoa, na vikishatoka, kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, zilizokuwa zimevutwa juu yake, hulegea. Ukiviacha kwenye modeli, hesabu zote zinazofuata ni za goti ambalo halitakuwepo.

Saa 3:00 asubuhi

Kikao na daktari bingwa. Mama huyu hana salamu ndefu.

"Matege yake ni nyuzi ngapi?"

"Tisa, Daktari. Ila tatu ni zake za siku zote."

Hizo nyuzi tatu nimezipata hivi: napima pembe ya uso wa juu wa muundi, kisha pembe ya uso wa chini wa fupa la paja, kila moja dhidi ya mhimili wa mfupa wake. Kwa mzee huyu ni 86 na 89. Tofauti ni 3, na inatokana na umbo la mifupa yenyewe, bila kuhesabu gegedu iliyoisha. Kwa hiyo nyuzi 6 zimeletwa na ugonjwa, na 3 ndivyo alivyokua.

Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kumnyoosha kila mgonjwa hadi nyuzi 180, mguu uwe mstari mmoja, awe alizaliwa na matege au la. Mwaka 2012 Johan Bellemans na wenzake huko Ubelgiji walichapisha vipimo vya vijana wasio na maumivu yoyote, wakakuta asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake wana matege ya nyuzi 3 au zaidi. Tangu hapo mabishano hayajaisha. Wapo madaktari wanaohofia kwamba goti bandia likiachwa na matege litalegea mapema upande wa ndani. Mimi nipo upande wa wanaoacha kidogo. Ukimnyoosha kabisa mtu wa namna hii unampa mguu ambao hajawahi kuwa nao, na itabidi ulegeze kano nzima zisizo na kosa.

Daktari amesema tubakize nyuzi 2. Tumeafikiana kwa dakika tano, jambo la nadra.

Saa 4:30 asubuhi

Kila mgonjwa hujaza fomu inayouliza: unataka goti jipya likufanyie nini? Wengi huandika kutembea au kuendesha baiskeli. Mzee wetu ameandika: kuswali bila kiti.

Hapo uigaji wa kompyuta unakuwa na kazi ya kweli. Kutembea kunahitaji goti lijikunje nyuzi 65 hadi 70 hivi, kuinuka kitini zaidi ya 90. Kuchuchumaa ni zaidi ya 130, na kukaa baina ya sijda mbili kunataka goti likunjike karibu lote. Miondoko iliyo tayari kwenye programu tunayotumia ni kutembea, kupanda ngazi na kuinuka kitini. Kukaa mkekani hakumo, wala choo cha kuchuchumaa. Inabidi niutengeneze mwondoko huo mwenyewe, na kila nikifanya hivyo najiuliza walioandika programu hii walidhani binadamu wote wamezaliwa na viti.

Swali la leo ni saizi ya chuma cha juu, kile kinachovikwa fupa la paja, 4 au 5. Saizi 4 inakaa vizuri pembeni, haichomozi. Lakini ili ienee, mfupa wa nyuma ya paja unakatwa zaidi, na ule mfupa wa nyuma ndio unaouachia muundi nafasi goti linapokunjwa. Bellemans huyohuyo alionyesha mwaka 2002, kwa magoti bandia yanayobakiza kano ya msalaba ya nyuma, kwamba kila milimita 2 ikipotea pale, mkunjo hupungua kwa wastani wa nyuzi 12.2. Kwenye skrini naliona kabisa: kwa saizi 4 plastiki inayokaa juu ya muundi inagonga mfupa mapema, kwa saizi 5 goti linaendelea kukunjika. Saizi 5 nayo inachomoza milimita moja upande wa ndani, na chuma kinachochomoza husugua nyama.

Nimechagua 5 na kuisogeza kidogo nje. Hata hivyo, kinachotabiri mkunjo baada ya upasuaji kuliko kitu kingine ni mkunjo aliokuwa nao mgonjwa kabla. Huyu anafika 110. Kompyuta haiwezi kumwahidi sijda.

Saa 7:10 mchana

Nakula, simu inaita.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeiona picha yangu?"

Ameituma kwa WhatsApp, eksirei imeshikwa dirishani, na vidole vya binamu vinaonekana pembeni.

"Nimeiona. Ulipigwa umelala au umesimama?"

"Nimelala. Walinionea huruma."

Huruma hiyo ndiyo imeharibu picha. Ukilala, uzito hauko kwenye goti, mifupa inaachana, na goti lililosagika linaweza kuonekana bado lina nafasi. Nimemwomba amwambie daktari amwandikie ya kusimama, miguu yote miwili. Akaniuliza kama kompyuta ya huku inaweza kumtibu bila kisu. Haiwezi. Nikamkumbusha kwamba MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanabadilisha magoti, na kwamba picha nzuri ya kusimama inampa daktari mengi ya kupanga hata bila CT. Hakufurahi. Alitaka kusikia habari ya dawa ya kuchua.

Saa 8:30 mchana

Chumba cha upasuaji, mgonjwa mwingine, mpango wa juma lililopita. Nasimama nyuma ya skrini ya roboti, mbali na meza.

Daktari ameshachomeka vijiti vyenye alama kwenye paja na muundi, na kamera inavifuata. Anauzungusha mguu, mashine inakadiria kitovu cha nyonga. Kisha anagusa mfupa kwa ncha ya kalamu ya chuma, nukta baada ya nukta, hadi modeli yangu ilaliane na goti lenyewe.

Sasa inakuja sehemu ninayoipenda. CT haionyeshi kano. Mpango wangu wote umekisia jinsi zilivyokaza. Daktari anausukuma mguu ndani, anauvuta nje, goti likiwa limenyooka, kisha limekunjwa nyuzi 90, na skrini inaandika nafasi kwa milimita. Nje 19, ndani 16.

"Ndani kumebana," anasema. "Nipe nyuzi mbili kwenye muundi."

Naongeza, namba zinakuwa 18 na 17, na hadi hapo mfupa haujaguswa bado. Ndipo msumeno unawashwa. Mkono wa roboti hauamui chochote, unauzuia tu msumeno usitoke nje ya mipaka tuliyochora.

Saa 10:45 jioni

Saa ya utafiti. Nawasha OpenSim, programu ya misuli na mifupa iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Scott Delp wa Stanford. Ni ya bure, mwanafunzi wa Dar anaweza kuipakua leo. Inakokotoa misuli inalibana goti kwa nguvu kiasi gani. Ili kujua kama inadanganya, tunalinganisha na vipimo vya hospitali ya Charité hapa Berlin, ambako wagonjwa wachache waliwekewa magoti bandia yenye vihisio vya kupima mzigo ndani. Kutembea kulitoa mzigo wa karibu mara 2.6 ya uzito wa mwili, kushuka ngazi karibu 3.5. Modeli yangu ya leo imetoa 4.1 kwa ngazi. Imezidisha, kwa hiyo nimeiacha ifanye kazi upya usiku kucha.

Saa 12:20 jioni

Daktari amejibu kuhusu mzee wa marumaru. Saizi 5 sawa, ila mteremko wa mkato wa juu ya muundi niupunguze kwa nyuzi moja, na habari ya swala atazungumza naye mwenyewe ana kwa ana. Nimebadilisha, nimehifadhi toleo jipya, la zamani nimelifunga asije mtu akalifungua kwa bahati mbaya. Kesho kuna mama mwenye chuma cha ajali ya zamani ndani ya paja, na chuma huchafua picha za CT, kwa hiyo nitawahi treni ya kabla ya hii.