Jinsi Nilivyoshinda Hofu ya Mtihani kwa Kuacha "Mtindo Wangu"

Mwaka wa kwanza wa chuo niliamini kwamba mimi ni mwanafunzi wa kusikiliza, kwa kuwa dodoso moja la mitindo ya ujifunzaji, yaani dhana kwamba kila mtu hujifunza vizuri zaidi kwa njia yake, kama kuona au kusikia, lilinipangia hivyo. Basi nikawa narekodi kila mhadhara kwa simu na kuusikiliza kitandani hadi usingizi unanichukua. Nilipopata sapu, yaani mtihani wa marudio baada ya kufeli, ya biokemia, hata huo usingizi ulinipaa, na tumbo likawa linanisokota kila nilipoukaribia ukumbi wa mtihani.

Baadaye nilisoma kwamba mapitio ya tafiti ya mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2008, hayakupata ushahidi wa kutosha kuwa kumfundisha mtu kwa mtindo wake humwongezea ufaulu. Nilikubali kwa shingo upande.

Nikabadili njia. Nilifunga daftari, nikachukua karatasi tupu na kuchora mzunguko wa Krebs, yaani mfululizo wa hatua za kikemia ambazo seli hutumia kupata nishati, kwa kumbukumbu tu, kuanzia kemikali ya kwanza, sitreti. Mara ya kwanza nilikwama katikati, kwenye kemikali iitwayo saksineti, nikafungua daftari, nikasahihisha kwa wino mwekundu, kisha nikarudia baada ya siku 2, na tena baada ya wiki. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayejipima hivyo hukumbuka zaidi baada ya wiki kuliko anayerudia kusoma, ingawa baada ya dakika 5 mambo huwa kinyume, na hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika.

Usiku wa kuamkia sapu nililala saa 4 usiku, karatasi yangu ya mwisho ikiwa haina hata nukta moja nyekundu. Nilifaulu.