Istikhara Si Kungoja Ndoto

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Barua ya ajira iliyoko mezani kwangu wiki hii inatoka kwa kampuni moja ya Nairobi inayotoa mizigo katika bandari ya nchi kavu ya Embakasi. Mshahara wake unauzidi ninaoupata sasa kwa karibu nusu, na jibu linatakiwa Jumatatu. Hapa Mombasa, katika ofisi ya uwakala wa forodha ninakofanya kazi, sina la kulalamikia. Tajiri hanisumbui, hati za kontena nazijaza bila kufikiri, Ijumaa tunafunga kabla ya adhana, na alasiri muuza kahawa akipita na dele lake haniulizi nataka nini, hunimiminia tu na kuniwekea kashata pembeni. Mtu mwenye haya yote huondoka akifuata nini?

Nimeswali istikhara, ile swala ya kumwomba Allah akuchagulie lenye kheri, na karibu kila niliyemweleza ameniuliza swali moja: umeota nini? Ami yangu mmoja alitaka hata kujua rangi niliyoiona. Hili ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu tumeifanya ibada hii ifanane na kupiga ramli. Jabir bin Abdillah, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Katika hadithi hiyo ndoto haikutajwa. Aliyetajwa ni mtu aliyekusudia jambo, akaswali rakaa mbili zisizo za faradhi, akaomba.

Na tuyaangalie tunayoyaomba. Tunasema: ikiwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unifanyie wepesi. Dini imetangulia, maisha yamefuata. Sisi tukikaa kupima kazi mbili huanza na mshahara, tukaja kwenye nyumba na karo ya watoto, na dini tukaikumbuka mwishoni, tena kwa kuuliza tu kama msikiti uko karibu. Nami nilipoupanga mzani huo kama dua ilivyoupanga, niliona jambo ambalo sikulitarajia: raha yangu ya hapa nayo ina hesabu yake. Kazi ikimalizika saa tano asubuhi na mshahara ukaendelea kulipwa hadi jioni, zile saa za katikati ni amana ya nani? Ndugu zangu tulioajiriwa, tusijifiche nyuma ya kauli kwamba tajiri mwenyewe halalamiki. Tajiri haoni, Allah anaona. Katika Qur'ani, binti wa yule mzee wa Madyan alipomwambia baba yake amwajiri Nabii Musa, sifa alizozitaja ni nguvu na uaminifu, na nguvu isiyotumika hudhoofika mtu akiwa amekaa kitini pake, huku akimshukuru Mola kwa utulivu. Sisemi kila anayebaki ni mvivu. Wapo waliobaki kwa ajili ya wazazi wao, na malipo yao ni makubwa kuliko ya aliyesafiri. Nasema kila mmoja ajiulize anabaki kwa ajili ya nani.

Kuhusu hofu ya riziki sina maneno mengi. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza kontena za bara zipelekwe kwa reli ya SGR, ofisi nyingi za mji huu zilikosa kazi na watu wakaandamana barabarani. Septemba 2022 rais akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudishwa Mombasa. Waliohamia Nairobi walikula, na waliobaki walikula.

Musa naye hakuondoka Madyan kabla ya kutimiza muda wa kazi aliokubaliana na yule mzee, aliyekuwa mkwewe. Anayehama na atoe notisi yake kamili, akabidhi mafaili ya wateja, wala asimnyakue mteja hata mmoja.

Baada ya swala, Qur'ani inatutaka tushauriane, kisha tukishaazimia tumtegemee Allah. Mlango ukifunguka tuingie, na ukifungwa tukumbuke kwamba sisi wenyewe tuliomba tuepushwe na shari, tukadiriwe kheri popote ilipo, kisha turidhishwe nayo. Moyo wangu umeelekea kwenda. Mamangu nimemtaka shauri, naye amenipa idhini kwa sharti kwamba asikose mtu wa kumpeleka kliniki kila mwezi. Dada yangu wa Kisauni amekubali kulichukua jukumu hilo ikiwa nauli ya teksi nitaituma mimi, na mapatano hayo tutayakamilisha kesho baada ya swala ya Isha, inshallah, kabla sijaijibu ile barua.