Kivuli na shangazi yangu

Nilimleta paka wangu Kivuli nyumbani kutoka soko la Kadutu ndani ya katoni ya sabuni, akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, kwa sababu panya walikuwa wameanza kutoboa magunia ya unga wa muhogo. Panya aliwamaliza upesi. Waliomshinda ni wageni: mlango wetu wa chuma ukilia tu, alikimbilia nyuma ya gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, na hapo hayakuonekana ila masikio mawili yaliyolala.

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, mgeni hubisha hodi bila kutangaza ujio wake, na wote waliomo nyumbani hutoka kumsalimu. Kwa adabu hiyohiyo nilikuwa nikimburuta paka na kumweka mapajani mwa mgeni, hadi Jumapili moja alipomparura shangazi yangu mkono, kuanzia kiwiko hadi kiganja. «Mwanangu, umefuga chui,» alisema shangazi nilipokuwa nikimwosha kidonda kwa maji na sabuni. Kosa lilikuwa langu. Paka hujifunza kuwazoea watu hasa kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake, na sijui Kivuli alipitia mikono ya nani katika wiki hizo. Tena husikia sauti nyembamba za hadi hertzi 64,000 hivi, ilhali sikio la mtu huishia karibu 20,000. Vicheko vya sebuleni kwetu, ambavyo majirani nao huvisikia, sijui yeye humfikiaje.

Basi niliacha kumtoa mafichoni. Niliilaza ile katoni juu ya kabati, kwa kuwa paka aliye juu huwaona wote bila kuguswa na yeyote. Usiku mmoja niliacha sakafuni kitenge ambacho shangazi alikuwa amekisahau. Kivuli alikizunguka, akakinusa pindo kwa pindo, na kulipokaribia kupambazuka nilimkuta akikisugua kwa shavu, mahali penye tezi ambazo paka hutumia kuacha harufu yake.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumfundisha shangazi. Nilimwomba asimwite, asimkazie macho, na macho yao yakikutana ayafumbe polepole kisha ayafumbue, jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilichunguza mwaka 2020 wakaona kwamba humfanya paka amkaribie mtu asiyemjua. Aliniuliza tangu lini mtu mzima humwomba paka ruhusa ya kuketi. Hata hivyo alikubali, nikampa sambaza wakavu wachache, wale samaki wadogo wa ziwani, awe anadondosha mmoja mmoja karibu na kiatu chake.

Ilituchukua Jumapili sita. Katika ile ya mwisho Kivuli alishuka kabatini, akala sambaza, akanusa kiatu, kisha akaketi umbali wa hatua moja akiwa ametupa mgongo. Shangazi aliendelea kulalamikia bei ya makala bila kugeuza kichwa, ila ngumi yake tayari ilikuwa imeficha sambaza wa pili.