Mali kauli na mtu wa kuja

Ukikaa Bagamoyo utaambiwa kwamba watu wa bara hawana haya na wana uchu wa ardhi. Ukienda Dodoma utaambiwa kwamba mtu wa pwani ana maneno matamu na ahadi zisizotimia. Mimi ni mzaliwa wa hapa niliyefanya kazi bara, na kwa maoni yangu kile tunachokiita tabia ya mkoa mara nyingi ni jibu la swali moja tu: huyu mtu, akinidhulumu, nitampata wapi?

Soko la samaki pale ufukweni linalionyesha jambo hili kila siku. Mnada ukishapita, mama anayekaanga samaki hubeba beseni lake kwa mali kauli, bila karatasi wala shahidi, na jioni hurudi na fedha, kwa sababu nyumba yake inajulikana, ndugu zake wanajulikana na kikundi chake cha vikoba kinajulikana. Mnunuzi aliyetoka Dar es Salaam na boksi la barafu hulipa kwanza, na akilipa kwa simu, muuzaji hasomi meseji anayoonyeshwa bali husubiri simu yake mwenyewe ilie, maana wale wa "ile hela tuma kwa namba hii" wametufunza sote. Mgeni huyo huondoka akisema watu wa Bagamoyo wana roho ya shaka, ilhali alichokiona ni desturi inayomhusu mgeni yeyote.

Hata hivyo, si kila shaka ni ya leo. Mwaka 2011 wachumi Nathan Nunn na Leonard Wantchekon, huyu wa pili mzaliwa wa Benin, walionyesha kwamba Waafrika ambao jamii za mababu zao zilivamiwa zaidi na biashara ya watumwa huwaamini kidogo zaidi majirani, viongozi wa mitaa na hata ndugu zao wenyewe, kwa kuwa wengi walikuwa wakiuzwa na watu waliowafahamu. Misafara ya kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapa kwetu, na mjini humu wamo wajukuu wa waliouza na wa waliouzwa, ingawa sijawahi kumsikia mtu akijitaja kuwa wa kundi la kwanza. Mtu wa bara akiitilia pwani shaka, siwezi kumwambia kwamba ameiokota njiani.

Lakini shaka na udanganyifu wenyewe havilingani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliosambaza pochi zaidi ya 17,000 katika nchi 40, Kenya ikiwamo, ulikuta kwamba zenye fedha zilirudishwa kwa asilimia 51 na zisizo na fedha kwa asilimia 40, kinyume na watu walivyobashiri. Ni kweli kwamba pochi hizo zilikabidhiwa wahudumu wa mapokezi, ambao wana mahali pa kupatikana, si wapita njia.

Viwanjani ndiko ninakokubali lawama. Kiwanja kimoja kuuzwa mara mbili ni jambo linalotokea kweli huku kwetu, na dalali anayeliwezesha mara nyingi ni mpitaji asiye na kwao hapa wala kule. Kwa hiyo ndugu akiniomba ushauri, humwambia aanze na majirani wa mipaka yote minne, awaulize kiwanja ni cha nani, na wao ndio wawe mashahidi mbele ya serikali ya mtaa kabla hajatoa hata shilingi.