Mbegu ya Tisa

Bibi yangu mzaa baba aliatika mbegu zake kwenye vifuu vya nazi. Lile jicho laini la nazi alilitoboa kwa msumari ili maji yasituame, kisha akatia udongo aliouchota kwa mkono kwenye mifuko ya mwamba. Kwetu, kusini mwa Unguja, ardhi ni mawe matupu, kwa hiyo vifuu vilivyopangwa nyuma ya jiko ndivyo vilikuwa shamba letu la dawa. Mwaka 1990, nilipokuwa na miaka 12 na magoti yake yameanza kumkatalia, alinikabidhi kazi hiyo.

Alinianzishia mrehani, kwa kuwa haumvunji mtoto moyo. Ukizitia maji punje zake nyeusi, dakika chache tu kila moja imeshavaa ute wa kijivu kama yai la chura. Hazifukiwi, zinatandazwa juu ya udongo, na kabla wiki haijesha zimechipua. Wenye harusi walikuja kuomba vishada kwa ajili ya vikuba, yale mapambo ya maua na majani ya kunukia. Mwarobaini nao ulikuwa na sharti lake: punje zake hazingoji. Tunda likishawiva njano unalimenya, unaosha utelezi na kupanda siku hizo hizo. Ukiziweka kabatini miezi kadhaa, unapanda maiti. Mbarika aliupanda mbali na nyumba, akakamua mafuta, na machicha akayazika mwenyewe, asithubutu mtu kuwapa kuku. Mnanaha, mmea wenye sumu, hatukuupanda kabisa. Uliota wenyewe jaani, na Bibi alichuma majani yake kwa ajili ya jirani mmoja mwenye pumu, ambaye aliyavuta kama sigara. Lakini ukichomoza karibu na kifuu cha nanaa aliung'oa palepale. Majina yamekaribiana mno, alisema, na mtoto aliyetumwa nanaa anaweza kurudi na msiba.

Alioutaka kuliko yote ni mturituri. Majani yake ni matamu, ukiyatafuna utadhani umekula sukari guru, na yeye aliwapa watoto wenye kikohozi. Zamani aliyafuata msituni, sasa alitaka kuyachuma ukutani kwake. Mbegu tulikuwa nazo. Dada yake marehemu alimwachia kayamba lililopigwa kwenye ngoma za kupunga pepo, na matete yake yalipochanika zile mbegu zilimwagika: nyekundu za kung'aa, kila moja na doa jeusi kitovuni. Sisi watoto tukiziita macho ya tipitipi. Bibi alizikusanya zote, akazifunga kwenye kopo, kopo akalifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Hizi zikiwa nzima zinachezesha ngoma," aliniambia. "Zikivunjika zinaua."

Vuli ile alinitolea tisa. Alizimwagia maji ya moto, akazilaza usiku kucha, tukazipanda. Hazikutoka. Mwezi Januari nilifukua kifuu kimoja na kuikuta mbegu inang'aa vilevile, kama vile jana ilikuwa kayambani.

Skuli, mwalimu wetu wa kilimo alitufundisha kwamba mbegu yenye ganda gumu husuguliwa upande mmoja mpaka ndani paonekane peupe, maji yapate njia. Sikumwambia nina mbegu gani mkononi. Na Bibi sikumwambia nilichojifunza, maana nilitaka siku moja aamke akute miche. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Mwalimu alijua kulifungua ganda, Bibi alijua kilichomo ndani, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama kati yao, nimenyamaza.

Mwezi Machi, mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, nilizifukua zote tisa nikakaa nazo nyuma ya nyumba na kipande cha tumbawe. Mbegu yenyewe ni ndogo, nayo huteleza vidoleni. Niliibana kati ya kidole gumba na cha shahada, doa jeusi juu, nikaisugua upande mwekundu. Kwanza wekundu ulififia, ukaja unga wa waridi kwenye jiwe, halafu likatokea doa jeupe dogo kama ncha ya sindano. Hapo nilisimama. Moja baada ya nyingine, zote tisa, kisha nikazitia kwenye kikombe cha bati chenye maji, nikakiweka juu ya ukuta wa uani. Kunawa mikono ndiko pekee nilikokumbuka.

Asubuhi zilikuwa zimevimba. Nilifurahi hata nikakimbia kwenda kutafuta udongo. Niliporudi kikombe kilikuwa chini, maji yamemwagika, na mtoto wa shangazi yangu, msichana wa miaka minne, amechuchumaa anaziokota mbegu na kuzipanga mchangani.

Nilizihesabu. Nane. Nikapekua mchanga kwa vidole, nikainua kila jani, nikahesabu tena. Nane.

"Nyingine iko wapi?"

Akafungua mdomo kunionyesha kwamba hamna kitu. Ameimeza.

"Uliitafuna?"

Akatikisa kichwa kukataa. Nikamuuliza tena, akaitikia kwamba ndiyo. Mtoto wa miaka minne hujibu lile analodhani unataka kulisikia.

Bibi hakupiga kelele. Aliinama, akaokota mbegu moja, akaigeuza kwenye mwanga mpaka akaliona lile doa jeupe. Kisha akanitazama.

"Umezikwaruza?"

"Ndiyo, Bibi."

Nilimwona anakaa chini, yeye ambaye kukaa na kuinuka kulikuwa kazi nzito. Alikaa kwa pumzi mbili tatu, akainuka, akamwita shangazi amfunge mtoto mgongoni. Alikata tawi la mwarobaini kuzuia nzi, akafunga kwenye pindo la kanga mbegu mbili: moja nzima kutoka kopo la kabatini, moja niliyoikwaruza mimi. Mimi pia alinichukua. "Wewe utasema ulichofanya," alisema.

Gari ya abiria ya bodi la mbao ilituchukua asubuhi yote kufika mjini. Mtoto alicheka njiani na kuhesabu minazi, na kicheko chake ndicho kilichonitesa zaidi. Sumu ya mbegu hii, ambayo baadaye nilijua inaitwa abrini, ni jamaa ya risini, sumu ya mbarika. Huzizuia seli za mwili zisitengeneze protini, na haina dawa ya kuikata. Haina haraka pia. Yaweza kungoja saa nyingi, hata siku mbili au tatu, ndipo tumbo na matapishi vianze. Bibi hakujua habari za seli. Kwamba haina haraka, alijua.

Hospitali tuliyofika, aliyetupokea alisema mtoto akimeza mbegu huitoa mwenyewe, turudi nyumbani. Hakusema uongo: mbegu nzima ya mturituri mara nyingi hupita kama kokoto. Bibi hakusogea. Alikaa kwenye benchi mbele ya mlango hata daktari kijana akatoka, akamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alimtajia mturituri, daktari akawa hamjui huyo mturituri ni nini. Bibi akafungua pindo, akamwekea mbegu mbili kiganjani. Hapo uso wa kijana ukabadilika. Jina la mti halikumwambia kitu, lakini mbegu aliwahi kuiona, pengine kwenye kitabu.

"Aliyoimeza ni kama hii," Bibi alisema, akaigusa iliyovimba. "Si kama hii. Mjukuu wangu huyu ndiye aliyeifungua."

Nikaeleza kila kitu: tumbawe, doa jeupe, maji, saa ya asubuhi. Daktari aliandika. Mtoto alinyweshwa mkaa wa dawa uliosagwa, midomo ikawa myeusi, akatundikiwa maji. Usiku ule alitapika mara nyingi na tumbo likamkata mpaka akalia bila sauti. Shangazi alimshika mkono upande mmoja wa kitanda. Mimi sikupewa ruhusa ya kukaribia, nikakaa ukumbini, miguu ya Bibi mapajani mwangu, nikiikanda kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Siku ya pili mbegu ilitoka. Shangazi aliiosha akamletea Bibi kwenye karatasi. Ilikuwa imevimba, wekundu umepauka, lile doa langu jeupe bado liko, na ganda lote halijapasuka. Hakuitafuna. Tulikaa siku mbili zaidi, matapishi yakakoma, mtoto akaomba uji.

Tuliporudi nilidhani Bibi atazichoma zile saba zilizobaki. Zilikuwa bado uani ndani ya kikombe, ambacho mama alikifunika kwa kifuu na kukiwekea jiwe juu. Bibi alinipeleka nyuma kabisa ya kiambo, ambako hapana mtoto anayepita, tukazipanda chini ya uzio wa miiba. Maji ya kukisuuzia kikombe alinifanya niyafukie kwenye shimo la kina cha mkono wangu mzima. Sita zilichipua. Na tangu msimu wa kwanza wa maganda, kila yalipoanza kukauka, alinituma niyakate yote kabla hayajapasuka, nimletee mbegu na kuzihesabu kwa sauti mbele yake.

Shangazi hakukanyaga uani kwa Bibi karibu mwaka na nusu. Alipita njiani akatoa salamu, basi. Kisha kipupwe cha 1992 mwanawe alishikwa na kikohozi kisichomwacha alale, na asubuhi moja tukasikia, "Hodi, mama."

"Karibu mwanangu."

Hakusema amefuata nini. Bibi aliniashiria kwa kidevu, nikaenda kwenye uzio nikachuma majani machanga, nikayaosha mara tatu, nikayapekua moja moja lisije likanasa ganda. Mtoto aliyapokea kwa mikono miwili. Akaanza kutafuna, akatabasamu kwa ule utamu, nami nikasimama mbele yake nikizitazama taya zake, sikubanduka mpaka alipomeza.