Nimefungua kabureta mara nne na kumbe haikuwa na kosa

Miezi karibu mitatu hii gari imenifanya nionekane chizi. Naandika hapa ili mwenye tatizo kama hili asipite nilikopita mimi, na msinicheke sana maana mchawi mwenyewe mtamjua mbele huko.

Gari ni Volkswagen Beetle ya 1972, injini iko nyuma, ya 1600 ile ya kupoozwa na upepo, kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa) moja tu ya Solex 34 PICT-3. Ugonjwa wake ulikuwa hivi, asubuhi unapiga stata mara moja inashika, sailensa (ule mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, unaondoka zako. Ukishaenda dakika kumi, kumi na tano hivi, inaanza kuwa nzito, unakanyaga haiitikii, inakohoa, ukifika mahali pa kusimama ukaachia mafuta tu, imezima. Unapiga stata inazunguka bure. Unakaa pembeni unajifanya una simu ya muhimu, dakika kumi zikipita unapiga tena, inawaka! Na inakupeleka mpaka mwisho wa safari kama vile ugomvi ulikuwa wako na mtu mwingine.

Sasa dalili kama hizo kila mtu atakwambia kabureta. Na mimi nikaamini. Nikaishusha, nikafungua kila kitu, nikailoweka, nikapuliza vitundu vyote kwa kompresa (jeti, yaani vile vipande vyenye kitundu cha kupimia mafuta, usizichokonoe na waya jamani, ile shaba ni laini, ukipanua kitundu hata kidogo umeharibu kipimo). Nikaweka gasketi mpya, dayaframu mpya ya pampu, nido mpya ya floti (boya linalofunga mafuta yakijaa). Jeti kubwa yangu ni 127.5 na ya sailensa ni 55, zote safi, mwanga unapita. Nikarudisha, nikasett, nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi ikanizimikia palepale.

Mara ya pili nikasema labda ni ile soleniodi ya pembeni inayofungua mafuta ya sailensa, ukiwasha swichi inatakiwa isikike "tik", na yangu inasikika. Nikabadilisha hivyohivyo. Mara ya tatu nikashika floti, nikahisi inajaa mafuta kupita kiasi maana plagi zilikuwa zinatoka nyeusi tii, zina masizi. Mara ya nne hata sikuwa na sababu, nilikuwa na hasira tu.

Katikati hapo nilihangaika na mengine pia. Pointi nikaziweka milimita 0.4, klirensi za valvu 0.15 injini ikiwa imepoa kabisa, nikabadilisha kondensa, nikaazima koili. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye zile mpira za manifoldi (bomba linalopeleka hewa na mafuta kutoka kabureta hadi kwenye injini) nisikie kama injini inabadilisha sauti, maana ikibadilika ujue kuna hewa inaingia kwa kuiba, hakuna kitu. Nikaendesha na kifuniko cha tenki kimelegezwa, maana tundu lake la kupumulia likiziba tenki inavuta vakyumu na pampu inashindwa, ukisimama kidogo inapona yenyewe, dalili zinafanana kabisa. Wapi.

Kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku na sikitilii maanani ni kwamba mchana haijawahi kunizimia. Hata mara moja. Jua likiwaka, foleni, mlima, inakwenda tu. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye joto, koili ikipata moto, mafuta yakichemka kwenye paipu, lakini hayo si yangetokea mchana? Ugonjwa wa joto unakuja vipi saa kumi na mbili asubuhi na ukungu umetanda? Nilitakiwa nijiulize hilo siku ya kwanza.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi, nimemweleza yote hayo kwa kirefu, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza swali moja tu, "Kijana wangu, ikizima huwa unafungua nyuma muda gani?" Nikamwambia mzee, huwa nasubiri kwanza ipoe. Akacheka. "Basi siku nyingine usisubiri. Ruka ufungue hapohapo, ushike chini ya kabureta."

Kesho yake asubuhi, unyevu mpaka vioo vinatoka jasho, nikatoka makusudi. Dakika ya kumi na mbili ikaanza kukohoa, nikapaki, nikaruka, nikafungua boneti ya nyuma. Manifoldi pale chini ya kabureta imeota utando mweupe kama ukuta wa friza! Nimeshika, baridi kali, wakati injini upande huu na huu ni ya moto. Nikang'oa eaklina (kichujio cha hewa) nikamulika ndani na tochi ya simu, kwenye koo la kabureta kuna barafu. Barafu jamani, ndani ya injini. Nikaita mtu aje kushuhudia, alipofika ilishakuwa maji, na dakika chache baadaye hata maji hayapo. Ndiyo maana mara zote nne nilizofungua nilikuta pasafi, ushahidi ulikuwa umeshakunywewa na injini.

Maelezo yake ni haya. Petroli ikigeuka mvuke inavuta joto kwenye kila kilicho karibu, na hewa ikipita pale koo linapobana presha inashuka nayo inapoa, ukijumlisha vyote joto linaweza kushuka digrii 20 na zaidi. Kwa hiyo nje si lazima kuwe na theluji, hata nyuzi 15 inatosha kama hewa ina unyevu mwingi. Ule unyevu unaganda, koo linazidi kuwa jembamba, hewa inapungua, mafuta yanazidi, plagi zinakuwa nyeusi. Ndege ndogo za injini ya pistoni zina wenzo kabisa wa kuingiza hewa ya moto kwenye kabureta kwa ajili ya hii kitu tu.

Na Beetle nayo ilitoka kiwandani na kinga yake, tena mbili. Ya kwanza ni eaklina kubwa ya bafu la oili (vumbi linanaswa na oili), ina hozi inayovuta hewa ya moto kutoka kwenye injini. Ya pili ni kile kibomba chembamba kilichoungana na manifoldi kwa chini, kinapitisha moshi wa moto wa ekzosi kuipasha.

Kibomba changu kilikuwa kimeziba masizi, magumu kama jiwe. Nilikiwasha moto kwa gesi nje, halafu nikafunga kipande cha waya wa breki ya baiskeli kwenye drili, nikachimba huku na huku mpaka ikatokea upande wa pili, kazi ya jioni nzima na masizi mpaka puani. Angalieni na flenji za ekzosi mpya, nyingine huwa hazijatobolewa upande mmoja na moshi haupiti hata kibomba kikiwa safi. Kujua kama kimefunguka, washa injini ya baridi, baada ya dakika kadhaa gusa kibomba pande zote mbili, vidole visikae. Vyangu havikukaa.

Na ile eaklina yenye hozi? Basi bwana. Niliitoa mimi mwaka jana nikaweka ile ndogo ya kung'aa, kwa sababu inapendeza ukifungua boneti watu wakiwa wamesimama. Imerudi mahali pake, kubwa, nyeusi, mbaya, na nimeshaendesha wiki tano za ukungu haijanizimikia hata mara moja.

Kimebaki kile kisitasita kidogo ukikanyaga ghafla kutoka sailensa. Hicho nakijua, ni distribyuta (inayogawa umeme wa plagi) isiyo na vakyumu ya kuwahisha cheche, haipatani na hii kabureta. Na hiyo nayo niliiweka mimi.