Miungu Iliyo Kati Yetu

Wapendwa katika Kristo, wiki hii yote nimesumbuliwa na jibu moja la Yoshua ambalo ni nadra kulisikia likihubiriwa. Mstari wa 15 wa sura ya 24 ya kitabu chake tunaujua kwa moyo, na wengine wameutundika ukutani: "Lakini mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA." Waisraeli aliokuwa amewakusanya Shekemu ili wachague watakayemtumikia wakaitikia kwamba nao watamtumikia BWANA. Mhubiri mwingine angefunga ibada papo hapo kwa shangwe, lakini mzee yule, aliyekufa akiwa na miaka 110, akawajibu: "Hamwezi kumtumikia BWANA, kwa kuwa yeye ni Mungu mtakatifu."

Kwa nini awavunje moyo watu waliokuwa tayari? Hawa hawakuwa wageni wa habari za Mungu. Walikuwa wamevuka Yordani pakavu, wakaona ukuta wa Yeriko ukianguka, na wakala matunda ya mizabibu ambayo hawakuipanda. Jibu linapatikana katika mstari wa 23, anapowaamuru waiondoe miungu migeni iliyo kati yao. Miujiza yote ile ilikuwa imepita, na sanamu zilikuwa bado zimo hemani.

Hapo ndipo Neno liliponishika. Mungu mgeni ninayepambana naye mimi ni sifa za watu, maana nikihudumu na kupongezwa, maombi yangu huwa marefu, na nisipopongezwa, hukauka. Niruhusuni basi niseme kwa upendo lakini bila kuficha: tunakesha tukimkemea adui aliye nje, huku kinyongo dhidi ya ndugu tunayeketi naye ibadani tumekilea miaka na miaka, tunatoa sadaka kwa mkono uleule uliopokea fedha ya dhuluma, tunawaombea watoto wamjue Mungu, nao hawajawahi kutusikia tukimwomba mtu msamaha. Halafu tunaitikia "Amina" kwa sauti kubwa. Ndugu zangu, kuitikia si kuchagua.

Shekemu palepale, vizazi vingi kabla ya Yoshua, Yakobo aliwaambia watu wa nyumba yake waondoe miungu migeni, nao wakampa yote iliyokuwa mikononi mwao pamoja na pete za masikioni, akaificha chini ya mwaloni (Mwanzo 35:4). Watu wa Yoshua walijibu vizuri mno kwa maneno, ila sioni mahali panaposema kwamba walileta kitu. Ni kweli kwamba Israeli walimtumikia BWANA siku zote za Yoshua na za wazee walioishi baada yake, wala sipendi kuwahukumu kupita Maandiko yanavyosema. Lakini Waamuzi 2:10 inatuambia kikatokea kizazi kisichomjua BWANA.

Kama umefika hapa ukajiona huwezi, umesikia sawasawa. Bwana Yesu naye alisema, "Pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lolote," lakini alikuwa ametangulia kusema, "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu." Kwa hiyo usingoje kupata nguvu ndipo uanze kuondoa. Mwambie Bwana leo jina la mungu huyo, ulitaje waziwazi mbele zake, na kama kuna mtu uliyemdhulumu au unayemwekea kinyongo, mwendee kabla ya ibada ijayo.